Huamshwa na Kuchomwa

Neno lenyewe lilikuwa la herufi mbili tu, na Perpetua Kunambi alikuwa amelitumia maisha yake yote bila kulitilia shaka. Chai na mkate. Kaka na dada. Aliumwa na nyoka. Asubuhi hiyo, katika ukumbi wa Baraza la Hataza mjini Morogoro, neno hilo lilikuwa limekaa katikati ya sentensi kama mtu aliyeketi mlangoni, hapishi anayeingia wala anayetoka, na mawakili walikuwa wakilivuta kila mmoja upande wake.

Karani aliisoma tena sentensi, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuichoka. "Nakala ya marehemu hunaswa kwenye udongo, huamshwa na kuchomwa, hata ikawa kigae kisemacho."

Ndiyo hataza ya kampuni ya Nyumba ya Sauti, hiyo. Kwa sentensi hiyo kampuni ilikuwa na haki ya peke yake ya kutengeneza vigae nchini, na kigae hakikuwa kitu cha kuelezwa kwa mtu yeyote aliyekuwamo ukumbini. Nusu yao walikuwa na kimoja nyumbani, sebuleni au juu ya kabati, kipana kama sahani, cha rangi ya kahawia, na ndani yake alikuwamo mzazi, au mume, au mtoto aliyetangulia, akiuliza kama mvua imenyesha. Perpetua mwenyewe, mkaguzi aliyepewa kesi hiyo aiamue, alikuwa na mama yake. Kama kuwa na kigae kungemzuia mtu kusikiliza kesi hii, Baraza lingelazimika kuagiza mkaguzi kutoka ng'ambo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Rukia Shomvi, wakili wa chama cha wafinyanzi waliotaka hataza ibatilishwe ili nao watengeneze vigae. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na upole huo ulikuwa umeshawaponza mawakili wengi.

"Mheshimiwa, Kiswahili ni hiki hiki tunachoongea," alisema. "Mtoto huamshwa na kelele. Mgonjwa huamshwa na maumivu. Nakala huamshwa na kuchomwa. Maana yake moto ndio unaoiamsha. Sasa, moto kuiamsha nakala si jambo jipya. Kuna mzee mmoja wa Upare aliyeligundua na kulitangaza kabla kampuni hii haijazaliwa, na kitu kilichokwisha kutangazwa hakipewi hataza."

Nuhu Chambuso, wakili wa kampuni, aliinuka akiwa anatabasamu tayari. Suti yake ilimkaa vizuri kuliko ilivyompasa mtu wa kazi ya asubuhi.

"Mheshimiwa, viazi humenywa na kuchemshwa. Je, kule kuchemshwa ndiko kunakovimenya? Mwenzangu amechukua 'na' ya nyoka akaitia mahali pa 'na' ya viazi."

Watu walicheka. Hata karani alicheka. Rukia alingoja wamalize.

"Mama yangu huchemsha viazi na maganda yake, halafu ndiyo anamenya," alisema. "Bado ni viazi vilivyomenywa na kuchemshwa. Basi hata nikimpa mwenzangu 'na' yake ya viazi, haisemi lipi linatangulia. Mtu akichoma kwanza akaamsha baadaye, yumo. Mzee wa Upare yumo. Hataza hii imekufa kwa njia zote mbili."

Perpetua aliandika, na huku akiandika alijua kwamba Rukia ana haki. Njia moja tu ilibaki ya kuiokoa hataza. Ilikuwa lazima Chambuso athibitishe kwamba 'na' ile ilibeba mfuatano, kwamba kuamsha kulitangulia na kuchoma kukafuata, na kwamba mfuatano huo ndio uliozaa kitu kipya. Hoja safi kabisa. Alikuwa amezisikia za namna hiyo kwenye kesi za rangi za nguo na dawa za mifugo, na mara nyingi zilishinda.

Ila kabla hajafika mwisho wa mstari kalamu yake ilisimama. Ikiwa kuamsha kulitangulia, basi aliyeingia tanurini alikuwa ameshaamka.

*

Chambuso alimwita mhandisi wa kampuni, Yunis Lwambano, bwana mwenye miwani mizito na adabu nyingi, aliyekula kiapo kama anayeomba radhi.

Alieleza vizuri. Nyuzi huwekwa kichwani mwa mtu anayekata roho, zikanasa jinsi ubongo wake unavyofanya kazi, na nakala hiyo ikahamishiwa kwenye udongo mbichi uliochanganywa na madini. Hapo nakala imelala. Vigae vya mzee wa Upare vilichomwa vikiwa katika hali hiyo, joto likaamsha kilichokuwamo, navyo vikasema. Lakini havikudumu. Masika yakija, sauti ilianza kugugumiza, ikasahau majina, mwisho ikabaki inatoa mlio kama redio iliyopoteza mawimbi. Wazee walivikumbuka vigae hivyo. Watu walifiwa mara mbili na mtu yule yule.

"Na vyenu?" aliuliza Chambuso.

"Vyetu havigugumizi. Sisi tunaiamsha nakala kwanza kwa umeme mdogo, udongo ukiwa bado mbichi. Tunaiita jina, ikiitika tunajua imeamka. Kisha tunachoma. Ikiwa macho, inajikaza."

"Inajikaza?" Perpetua alijisikia akiuliza. Haikuwa zamu yake.

"Ndiyo, mheshimiwa. Nyuzi za nakala mle udongoni zinashikana. Inajikusanya isitawanyike. Udongo unaiva ukiwa umeshikwa hivyo, na haiachii tena. Hiyo ndiyo siri ya kudumu."

"Inajikaza kwa sababu gani?"

Lwambano alivua miwani akaifuta kwa tai. "Kwa sababu ya joto."

"Yaani inaumia."

"Sisi kiwandani hatutumii neno hilo, mheshimiwa. Tunasema mwitikio."

Perpetua aliangalia nyuso ukumbini na kuona kwamba bado hawajafika alipofika yeye. Walikuwa wakifikiria udongo na nyuzi. Rukia Shomvi peke yake alikuwa ameweka kalamu chini, na mkono wake ulikuwa shingoni, umeshika kidani.

Kwa miaka mingi matangazo ya kampuni redioni yalisema, kwa sauti laini na kinanda nyuma yake, kwamba moto ndio unaomwamsha mpendwa wako. Na sheria ilijengwa juu ya hayo. Nakala iliyoamka ni mtu: haiuzwi, haivunjwi, haiumizwi. Kabla ya kuamka ni udongo, na udongo unauchoma upendavyo. Kwa kuwa moto ndio ulioamsha, hakuna aliyewahi kumchoma mtu.

Perpetua aliahirisha hadi kesho yake. Aliwaambia atatoa uamuzi asubuhi, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali.

*

Alifika nyumbani Bigwa jua likiwa bado utosini. Mdogo wake Venansi, aliyekuwa akikaa naye tangu msiba, alikuwa kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti. Nyumba ilikuwa tulivu. Kigae kilikuwa mahali pake, kwenye rafu ya dirishani, mbele ya pazia.

"Mbona mapema?" mama aliuliza. "Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Basi kula kwanza. Hilo lililokuleta litangoja."

Mama Tekla alikuwa ameongoza jiko la misioni tangu usichana hadi mgongo ulipokataa, na kufa hakukumwondolea tabia ya kuwalisha watu. Perpetua alipakua maharage ya jana, akaketi mbele ya rafu na sahani mapajani, akashika kijiko bila kukitumia. Aliogopa. Alikuwa mtu mzima mwenye cheo, na alimwogopa mama yake kwa namna ambayo hakuwahi kumwogopa hata alipokuwa na fimbo mkononi.

"Mama, siku ile uliyotengenezwa. Unakumbuka nini?"

Kigae kikiwa kimya huwezi kujua kama mtu anafikiri au amesusa. Hakuna uso wa kusoma. Lori lilipita barabarani, mlio wake ukaisha.

"Nani kakwambia uniulize?"

"Ni mambo ya kazini."

"Kazini." Mama alilitamka neno hilo taratibu. "Mimi nilidhani mnajua."

"Tunajua nini, mama?"

"Peri, usinifanye mtoto. Nilidhani mnajua wanavyofanya. Nilidhani waliwaeleza mkakubali. Nikasema, wanangu wamesoma, wameangalia njia zote wakaona ndiyo hii. Nikanyamaza nisiwatie aibu."

Perpetua aliweka sahani sakafuni. Maharage yalimwagika kidogo na hakuyaangalia. Mama yake alikuwa amekaa juu ya rafu ile, akiwauliza habari za kazi, akimtania Venansi kuhusu kuoa, akiwatakia usiku mwema, na muda wote huo aliamini kwamba wanawe ndio waliomtia motoni kwa hiari yao. Na aliwapenda hivyo hivyo.

"Hatukujua," alisema. "Mama, wallahi hatukujua."

"Usiape kwa kiapo cha wenzio, wewe mtoto wa misioni." Lakini sauti ilikuwa imetetemeka. "Hamkujua?"

"Hatukujua."

"Basi vizuri. Basi vizuri sana." Kisha akaishusha sauti. "Sasa nisikilize. Venansi asijue."

"Mama..."

"Yeye ndiye aliyekuwa ameshika miguu yangu nilipokuwa nakata roho. Yeye ndiye aliyesema, tumchukulie mama kigae kizuri, kisichoharibika. Unamjua mdogo wako. Atakula nini akijua? Atalala vipi? Na wewe ungekuwa na akili usingeuliza. Limekwisha kuwa, limekwisha."

"Ilikuwaje, mama?"

"Sikusimulii. Usinilazimishe."

Perpetua hakumlazimisha. Alikaa pale hadi kivuli cha pazia kikahama ukutani, na kesi yote ikajipanga kichwani mwake, wala haikuhitaji sheria yoyote kuieleza. Angeweza kusema 'na' ni ile ya nyoka. Moto ndio unaoamsha, mzee wa Upare alishatangaza, hataza imebatilika. Ungekuwa uamuzi wenye heshima, na hakuna ambaye angeshangaa. Venansi angelala. Morogoro nzima ingelala. Na kuanzia keshokutwa kila karakana yenye tanuri ingekuwa huru kuwaamsha watu kwenye udongo mbichi na kuwafungia mlango, maana wote walikuwa wamemsikia Lwambano, na nani atanunua kigae kinachogugumiza?

Au angesema 'na' ni ya mfuatano. Hapo angeipa kampuni ushindi wake, na ndani ya ushindi huo angeandika, kama jambo lililothibitishwa mbele ya Baraza, kwamba walioingia tanurini walikuwa watu. Waendesha mashtaka wasingehitaji kingine. Tanuri zingezimwa. Na kila nyumba yenye kigae ingejua.

"Unafikiri kwa kelele," mama alisema kutoka rafuni. "Tangu utoto. Nayasikia mawazo yako hapa."

"Ukiwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi ni mama yenu. Usiniulize mambo ya watu wengine."

*

Asubuhi alijaribu kumwambia Venansi. Alikuwa amesimama mezani, anakunywa chai kwa haraka, nywele zina unga wa chuma ambao hautoki hata kwa sabuni, na alikuwa akimwambia mama kwamba amepata mchumba, ila ni mrefu kumzidi, atamtafutia kigoda cha kupandia siku ya harusi. Mama alicheka. Venansi naye alicheka kwa kuwa mama amecheka. Perpetua alifungua mdomo amwambie, akasema tu kwamba amechelewa, akachukua mkoba wake akatoka. Alijichukia njia nzima hadi Barazani.

Ukumbi ulikuwa umejaa kupita jana. Redio ya mkoa ilikuwa imeweka vinasa sauti vyake. Kabla Perpetua hajafungua jalada, Rukia Shomvi alisimama.

"Mheshimiwa, wateja wangu wanaomba kuondoa shauri."

Chambuso aligeuka kumtazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitegemea.

"Kwa sababu ipi?" Perpetua aliuliza.

"Hawataki tena." Upole wa Rukia ulikuwa umeondoka, ilibaki sauti tu. "Nakuomba, mheshimiwa. Nina mume wangu nyumbani. Sikulala. Nilikaa naye na sikuweza kumuuliza, na sitaki kuambiwa na Baraza. Watu wengi humu hawataki kuambiwa, hawajajua tu kwamba hawataki."

Perpetua alimwonea huruma. Ni ombi ambalo yeye mwenyewe angeliandika.

"Ushahidi umeshatolewa," alisema. "Siwezi kuurudisha mdomoni mwa shahidi. Ombi limekataliwa. Kaa, Bi. Rukia, tafadhali."

Kisha akamgeukia Chambuso. "Wakili, swali moja kabla sijasoma. Mteja wako anasisitiza kwamba nakala ilikuwa imeamka kabla ya kuingia tanurini?"

"Anasisitiza, mheshimiwa. Ndiyo kiini cha uvumbuzi."

"Kila nakala?"

Hapo alisita. Alikuwa bingwa wa hataza, na hataza ilimfunika macho. Alikuwa ameitetea sentensi ile kwa ustadi hata akasahau kwamba inasema habari za watu. Alimtazama Lwambano. Lwambano alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Kila nakala iliyotengenezwa kwa hataza hii," alisema polepole.

"Iandikwe."

Akasoma. Hakuweka madoido. Alisema kwamba maneno hupewa maana na kazi yanayoifanya, kwamba katika hataza hii 'na' maana yake ni 'kisha', na kwamba mfuatano huo ndio unaoitofautisha na ugunduzi wa zamani. Kwa hiyo hataza ni halali. Na kwa kuwa ni halali, Baraza limeridhika kwamba kila aliyemo ndani ya kigae cha kampuni hii alikuwa ameamka, ameitwa jina lake na ameitika, kabla hajachomwa. Nakala ya uamuzi itapelekwa kwa mwendesha mashtaka leo hii.

Alifunga jalada. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma alisimama, akavaa kofia yake, akaivua, akakaa tena. Mwanamke mmoja aliuliza jirani yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anamaanisha na wa kwangu?" Kisha viti vikaanza kusogea, watu wakawa wanatoka upesi bila kukimbia, kila mmoja anawahi kwake.

Chambuso alibaki amesimama. "Mheshimiwa," alisema, "tumeshinda?"

"Mmeshinda," alisema Perpetua, akachukua mkoba wake.

*

Mlango ulikuwa wazi. Venansi alikuwa amekaa sakafuni na nguo zake za kazi, amekitoa kigae kwenye rafu akakipakata. Alikuwa amekizungushia taulo lililoloweshwa maji, na maji yalikuwa yamemchuruzika hadi magotini. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia redioni," alisema. "Dada, ulijua tangu jana?"

"Tangu jana."

"Tulikunywa chai hapa asubuhi."

"Nilishindwa, Venansi. Nisamehe."

Alikaa chini kando yake. Alingoja mama amgombeze, maana alikuwa ametamka mbele ya dunia nzima kile alichokatazwa kukitamka mbele ya mtu mmoja, na angekubali maneno yoyote.

"Umewaambia," mama alisema.

"Nimewaambia, mama."

"Watafunga matanuri?"

"Watafunga."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye taulo. Kisha mama akaanza, bila kuulizwa, kwa ile sauti yake ya jikoni ya kumweleza mgeni jinsi jambo linavyokwenda.

"Waliniamsha, wakaniita jina langu, nikaitika. Mmoja akacheka akasema, huyu mama yuko vizuri. Nikafurahi, maana tumbo halikuwa linauma tena. Nikawauliza, wanangu wako wapi? Wakasema wako hapo nje, wanakusubiri. Wakaninyanyua, nikajua naletwa kwenu. Wakaniweka mahali, wakafunga mlango, nikaona giza. Nikadhani ndiyo njia ya kutokea. Halafu nikaita. Nikamwita Venansi, nikakuita wewe, nikamwita Venansi tena."

Venansi alikuwa ameinamia kigae hadi paji lake la uso limekigusa.

"Nimekaa nikijiuliza hilo moja tu," alisema mama. "Walinidanganya, au mlikuwa hapo nje kweli?"

Walikuwapo. Walikuwa wamekaa kwenye viti vyenye mito upande wa pili wa ukuta, ukuta wenyewe ulikuwa na uvuguvugu mzuri kwa asubuhi ile ya baridi, na Venansi alikuwa ameuegemea akasinzia.

"Tulikuwapo, mama," Perpetua alisema.